Mita ya Mpakani

Watu wa Crystal na New Hope wanakunywa maji ya mto Mississippi, na sisi wa Brooklyn Park, ambao mto huo huo ndio mpaka wetu wa mashariki, hatuyanywi. Sisi tunakunywa maji ya visima virefu vya mji. Ni maji mazuri lakini magumu, sabuni haitoi povu upesi, na ndiyo maana nyumba zetu nyingi zina ule mtungi wa chumvi katika chumba cha chini. Crystal haiugusi mto hata kwa ncha ya kidole. Hata hivyo, mwenye nyumba wa Crystal akifungua bomba lake, anafungua Mississippi, iliyovutwa na kusafishwa na mji wa Minneapolis na kuuzwa kwa mita.

Katika kitabu cha mwaka huu nimeombwa nieleze biashara hiyo ya mji mmoja kununua maji kwa mji mwingine, na hasa nani alitoa fedha za kuunganisha mabomba. Sababu inajulikana kwa wanachama. Imetufikia barua kutoka nyumbani ikisema kwamba mji wetu mdogo (sitautaja, kwa kuwa mazungumzo bado yanaendelea) umekubaliana na mji mkubwa wa jirani kuvuta maji kutoka huko. Mitaro watachimba wenyewe. Sisi tumeombwa mabomba, viungio, valvu na mita moja kubwa. Baadhi yetu wanataka tuchange mara moja, na baadhi wanakumbuka michango iliyopita na kukunja mikono. Pande zote mbili zinastahili kusikilizwa, lakini kwanza tutazame wenyeji wetu wa Minnesota walifanyaje, maana wao walikwisha kulipitia jambo hili.

Mimi si mhandisi wala si mwanasheria. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kukaa viti vya nyuma katika mikutano ya mabaraza ya miji, ambayo kwa sheria ya jimbo hili iko wazi kwa kila mtu, na kwa kusoma makaratasi yanayowekwa mezani karibu na mlango. Nawashauri wastaafu wetu waende. Ukumbi una joto la kutosha hata mwezi wa Januari, na hakuna anayekuuliza umetoka nchi gani.

Visima vya uani

Vijana wetu hudhani kwamba mitaa hii ilizaliwa na mabomba yake. Sivyo. Brooklyn Park ilikuwa nchi ya wakulima wa viazi. Ilipata hadhi ya kijiji chenye serikali yake mwaka 1954, na hadhi ya mji mwaka 1969. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nyumba zilianza kuota mashambani kuzunguka Minneapolis na Saint Paul upesi kuliko mabomba. Kila mwenye nyumba alichimba kisima chake uani, na hatua chache kutoka hapo akachimba shimo la maji machafu. Ardhi ya kaskazini huku ni ya kichanga. Kinachomwagwa juu hakichelewi kufika chini.

Mwaka 1959 wizara ya afya ya Minnesota ilipima visima vya nyumba katika vitongoji vya miji hii miwili, na karibu nusu ya visima vilivyopimwa vikaonyesha dalili za maji machafu. Kwa maneno ya wazi, familia zilikuwa zikinywa choo chao wenyewe, au cha jirani. Sabuni za unga za siku zile zilikuwa haziozi ardhini. Mtu alikinga maji jikoni na glasi ikafanya povu kabla hajatia kitu. Shirika la serikali kuu lililokuwa likidhamini mikopo ya nyumba nalo likakaza kamba kwa nyumba zisizo na maji ya mji. Hapo hata aliyekuwa akisema kisima chake hakina kasoro alianza kufikiri, maana nyumba isiyopata mkopo haina mnunuzi.

Basi kila kitongoji kilisimama mbele ya njia mbili: kuchimba visima virefu vya mji mzima na kujenga matangi, au kwenda kupiga hodi kwa jirani mwenye maji. Brooklyn Park ilikuwa na nafasi na ikachagua visima. Golden Valley, Crystal na New Hope zilikwenda kupiga hodi Minneapolis.

Miji mitatu, mkataba mmoja

Jambo la busara katika habari ya miji hiyo mitatu ni kwamba haikwenda mmoja mmoja. Mwaka 1963 iliunda tume moja ya pamoja ya maji, chini ya sheria ya jimbo inayoruhusu serikali za miji kushirikiana katika kazi moja bila ya kuungana kuwa mji mmoja. Tume hiyo inaendeshwa na mameneja wa miji mitatu. Inanunua maji kwa jumla kutoka Minneapolis, ina matangi, pampu na mabomba makubwa yake, kisha kila mji unachukua sehemu yake na kuwauzia wakazi wake kwa bei ambayo baraza lake limeamua. Mabomba ya mitaani ni mali na mzigo wa kila mji peke yake.

Tazameni faida yake. Mji mmoja mdogo ukikaa mezani na Minneapolis ni kama mtu mmoja kwenda kwa mwenye duka la jumla na kikapu. Miji mitatu ikikaa pamoja inakuja na gari, nayo gharama ya matangi inagawanywa mara tatu. Pamoja na hayo hawakulala. Katika miaka ya 2010 tume hiyo ilichimba visima vya dharura ili maji ya jirani yakikatika, kwa ajali au kwa uchafu, watu wasikauke koo. Anayenunua kwa jirani hubaki na swali hilo siku zote: je, siku akikosa yeye?

Wapo wadogo zaidi. Wazazi wote wenye watoto katika shule za wilaya ya Osseo wanaujua mji wa Osseo, ule uliobanwa kati yetu na Maple Grove, wenye eneo lisilofika maili moja ya mraba na watu wasiofika 3,000 katika hesabu ya mwaka 2020. Osseo hununua maji Maple Grove. Na ng'ambo ya mto kuna Hilltop, kisiwa katikati ya Columbia Heights, uliozaliwa mwaka 1956 kutokana na kambi za nyumba za magurudumu, nao mwaka 2020 ulikuwa bado na watu wasiofika 1,000. Maji ya Hilltop nayo yanatoka Minneapolis. Mji wenye watu wachache kiasi hicho hauwezi kujenga mtambo wake wa kusafisha maji. Gharama ya mtambo ingegawanywa kwa nyumba chache mno. Kununua ndiyo njia yao ya kuishi, na hakuna anayewacheka.

Fedha zilitoka wapi?

Sasa tufike mfukoni. Bomba la Minnesota ni ghali kwa sababu ambayo sisi hatuijui kwetu: baridi. Nyumbani unalifukia bomba kwa kina cha kiuno na kazi imekwisha. Hapa ardhi huganda, na bomba kuu la maji hulazwa futi saba na zaidi kwenda chini. Kila yadi ni shimo la kumfunika mtu wima, kisha barabara iliyobomolewa hujengwa upya.

Njia ya kwanza ya kulipia ndiyo inayotuhusu sisi wenye nyumba, nami nitakaa nayo kidogo. Sheria ya Minnesota, sura ya 429, inaruhusu mji unaopitisha bomba mbele ya nyumba yako kukutoza sehemu ya gharama, kwa hoja kwamba kiwanja chako kimepanda thamani. Kipimo ni hicho hicho: hawawezi kukutoza zaidi ya thamani iliyoongezeka. Wenye viwanja wanaweza kuanzisha jambo wenyewe, ikiwa waombaji wanamiliki angalau asilimia 35 ya urefu wa viwanja vinavyopakana na kazi hiyo. Ikiwa hawakuomba, baraza linaweza kuamua lenyewe, lakini kwa kura nne kati ya tano. Deni hilo hufungwa kwenye kiwanja na kulipwa pamoja na kodi ya nyumba, kwa mafungu ya miaka, pamoja na riba.

Mama mmoja wa jamaa zetu, katika mji mmoja ambao si lazima kuutaja, alipata barua ya namna hiyo. Ilikuwa na maneno mengi madogo, naye akaiweka pamoja na matangazo ya mazulia na pizza. Miezi ilipita. Kodi ya nyumba ilipokuja imevimba, akadhani ameibiwa. Alikwenda na kijana wake ofisini, na huko akaonyeshwa kwa upole kwamba siku ya kusema ilikuwa imekwisha kupita.

Kwa hiyo nakuombeni, hasa ninyi mlionunua nyumba karibuni, msomeni karani wa mji kama mnavyosoma barua ya posa. Ukipata taarifa ya kikao cha malipo hayo na huridhiki, andika pingamizi, tia saini yako, na umfikishie karani kabla ya kikao au ukakikabidhi kikaoni. Kusimama na kulalamika kwa mdomo tu hakutoshi. Usipoandika, mlango wa rufaa kwa kawaida umejifunga. Ukiandika na baraza likapitisha hata hivyo, una siku 30 za kumpelekea meya au karani hati ya rufaa, na siku 10 baada ya hapo kuifikisha mahakama ya wilaya. Ukiwa na fedha taslimu, ukilipa lote ndani ya siku 30 tangu kupitishwa hutozwi riba. Na wazee wetu waliofika miaka 65, pamoja na wale walioacha kazi kwa ulemavu, wakumbuke kwamba baraza linaruhusiwa kuwaahirishia malipo ikiwa ni mzigo kwao. Linaruhusiwa, halilazimishwi, kwa hiyo ni lazima mtu aombe.

Njia ya pili ni mkopo. Mji huuza hati za mkopo kwa watu na mabenki, hupata fedha zote kwa mara moja, kisha hulipa mwaka hadi mwaka kutokana na bili za maji au na hayo malipo ya viwanja. Sheria inataka angalau asilimia 20 ya gharama itozwe kwa viwanja vinavyonufaika ndipo mji ukope kwa njia hiyo bila ya kwanza kupiga kura ya wananchi. Mimi naipenda kanuni hiyo. Inamlazimisha diwani awatazame usoni watu wa mtaa fulani na kuwaambia: ninyi mtalipa kiasi hiki.

Tangu Bunge la Marekani lilipoirekebisha sheria ya maji ya kunywa mwaka 1996, upo pia mfuko wa mikopo inayozunguka. Serikali kuu hutia fedha, jimbo huongeza fungu lake, na mamlaka ya jimbo iitwayo Minnesota Public Facilities Authority huikopesha miji kwa riba iliyo chini ya ile ya sokoni. Wizara ya afya ndiyo inayopanga nani atangulie, kwa kuangalia zaidi hatari ya afya. Mji ukilipa, fedha ile ile hukopeshwa mji mwingine. Akina mama wetu wanaocheza upatu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ya tatu ni ya nadra: aliyechafua alipe. Upande wa mashariki wa Saint Paul, katika maeneo ya Oakdale, Lake Elmo, Woodbury na Cottage Grove, kemikali za kampuni ya 3M ziliingia katika maji ya ardhini. Jimbo likashitaki, na mwezi wa Februari 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 850. Baada ya gharama za wanasheria zilibaki yapata dola milioni 720, na fedha hizo zinatumika katika kusafisha maji ya miji hiyo na kuziunganisha na mabomba ya mji nyumba zilizokuwa zikitegemea visima vya uani. Ni fedha nyingi, lakini hakuna mji unaoweza kuomba bahati ya namna hiyo.

Kwa kifupi, katika yote niliyosoma sikukuta mji hata mmoja ulioungwa bure. Fedha ya bomba ilitoka kwa mtu, naye aliandikwa jina na tarehe.

Bei ya kumwacha muuzaji

Kulipia bomba ni mara moja. Kulipia maji ni kila mwezi, na hapa ndipo miji inapoteleza.

Wengi wanalijua jina la Flint, mji wa Michigan wenye watu karibu 100,000 wakati huo. Tangu mwaka 1967 Flint ilikuwa ikinunua maji yaliyosafishwa Detroit. Bei ilipanda, mji ukafilisika, na jimbo likaweka msimamizi wa dharura juu ya baraza lililochaguliwa na watu. Ukaanzwa mpango wa bomba jipya la ushirika kutoka ziwa Huron, na ili kuokoa fedha wakati bomba hilo likijengwa, mwezi wa Aprili 2014 mji uliacha maji ya Detroit na kuanza kuvuta mto Flint. Maji ya mto huo yalikuwa yakila chuma, na dawa ya kuyazuia yasile mabomba haikutiwa. Risasi ikatoka katika mabomba ya zamani na kuingia katika vikombe vya watoto. Watu walilalamika juu ya rangi na harufu tangu mwanzo, wakaambiwa wasiwe na wasiwasi. Flint ilirudi kwa Detroit mwezi wa Oktoba 2015. Akiba iliyotarajiwa ilikuwa dola milioni chache. Fidia peke yake, katika mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2021, ilizidi dola milioni 600.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha sumu. Mimi nakisoma pia kama kisa cha bili. Mji ulioshindwa kulipa mita ya mpakani ndio uliotafuta maji ya rahisi.

Na huko kwetu?

Wako wenzetu watakaosema kwamba mifano hii ni ya nchi ya matajiri. Basi turudi nyumbani.

Watu wa Taita Taveta hawahitaji somo juu ya bomba. Tangu mwaka 1957 bomba la Mzima limechukua maji ya chemchemi zilizo katika nchi yao, likayapeleka yapata kilomita 220 hadi Mombasa, na kwa miaka mingi wanavijiji waliokaa kando ya bomba hilo walilalamika kwamba maji yanawapita. Kuwa karibu na bomba si kuwa na maji. Lazima pawe na mkataba, tawi na mita.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Kahama na Shinyanga. Kwa miaka mingi watu wa huko walifukua mchanga wa mito mikavu. Mwaka 2009 Rais Kikwete alizindua mradi unaovuta maji ya ziwa Viktoria kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, yakasafishwa hapo na kupandishwa hadi tangi la kilima cha Mabale, kisha yakateremka kwa nguvu zake yenyewe kuelekea miji hiyo miwili. Mtambo uliwekwa uwezo wa meta za ujazo 80,000 kwa siku. Tanzania iliujenga kwa fedha za hazina yake, wakati ambapo mikataba ya zamani ya mto Nile, ukiwamo wa mwaka 1929, ilikuwa bado ikitajwa na Misri kila mara mtu alipogusa ziwa. Kwa Tabora, Igunga na Nzega, bomba lilirefushwa baadaye kwa mkopo wa zaidi ya dola milioni 268 kutoka Benki ya Exim ya India.

Mamlaka iliyoundwa kuendesha bomba hilo, KASHWASA, huuza maji kwa jumla kwa mamlaka za miji, nazo huwauzia watu majumbani. Ni mpango ule ule wa Minneapolis na Crystal. Mita ipo mpakani, na mwisho wa mwezi hesabu inakuja.

Tatizo letu ni la historia. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya meta 400, na kijijini maji hayo yalikuwa ya bure. Nia ilikuwa njema, na wengi wetu tulikunywa maji hayo tukiwa shuleni. Lakini pampu haili nia. Ilihitaji dizeli, mkanda na fundi, na serikali haikuweza kuvifikisha kila mahali. Pampu nyingi zilinyamaza. Sera ya maji ya mwaka 1991 ikawataka wanavijiji wachangie, na tangu hapo wazee waliozoea maji ya bure na vijana wenye daftari la michango hawajapatana kabisa.

Sasa nipeni ruhusa nifanye hesabu ya debe. Hapa maji huuzwa kwa galoni 1,000, ambazo ni lita 3,785, yaani madebe 189 ya lita 20. Kwetu tuhesabu kwa debe moja moja. Tuseme mji mkubwa unatuuzia debe kwa shilingi 10, na mji wetu unanunua madebe 100. Bili ya mpakani ni shilingi 1,000. Lakini bomba linavuja hapa na pale, mtu mmoja amejiunga usiku, na mita ya hoteli fulani imekufa. Madebe yanayolipiwa ni 80. Ili kupata ile 1,000 tu, kila debe liuzwe shilingi 12 na senti 50, na bado hatujamlipa fundi, mwandishi wa bili wala mlinzi wa tangi. Yakipotea madebe 40, bei inafika karibu shilingi 17. Wanaolipa ni wale waaminifu. Wakichoka nao, jirani anafunga valvu, na mabomba yetu tuliyoyanunua kwa zamu za usiku katika nyumba za wazee na maghala ya Brooklyn Park yanabaki chini ya ardhi yakiwa na hewa.

Ndiyo maana mimi, katika mabishano yetu, siko upande wa wasiotaka kuchanga, wala siko upande wa wanaotaka kuchanga leo. Wanaokataa wanasema fedha italiwa. Inawezekana, lakini bomba likinunuliwa na chama moja kwa moja kiwandani na kukabidhiwa kwa hati, ni vigumu kulila. Kinacholiwa kwa urahisi ni makusanyo ya kila siku, na juu ya hayo barua tuliyoletewa haina hata mstari mmoja. Wanaotaka kuchanga leo wanasema watu wana kiu. Ni kweli kabisa. Mtoto wa kike anayebeba ndoo alfajiri hana muda wa kusubiri kamati ya Minnesota ijiridhishe. Lakini mtoto huyo huyo akizoea bomba mwaka mmoja, kisha likakauka, atakuta njia ya mtoni imekwisha kuota majani na kile kisima cha zamani kimefukiwa.

Kamati imekubali niandike barua ya majibu, nami niliituma mwezi wa Machi. Haina maneno makali. Imeuliza mambo manne. Bei ya jumla ni kiasi gani kwa meta moja ya ujazo, na mji mkubwa unaweza kuipandisha mara ngapi kwa mwaka? Nani atasaini mkataba kwa niaba ya mji wetu, na akihama au akifa nani anarithi deni? Shule, zahanati, msikiti na kanisa vitalipa au vitasamehewa, na vikisamehewa sehemu yao italipwa na nani? Na je, vile vijiji viwili vilivyoko njiani, ambavyo bomba litapita katika mashamba yao, vimeshirikishwa, au tunataka kuwafanyia wenzetu yale ya Mzima?

Tumependekeza pia kwamba vijiji hivyo na mji wetu viunde kamati moja na kwenda mezani pamoja, kama walivyofanya Golden Valley, Crystal na New Hope. Na tumesema kwamba chama kiko tayari kununua mabomba pamoja na mita, na kuweka kando bili ya maji ya miezi mitatu, ambayo mji utairudisha kidogo kidogo ili itumike tena pale malipo yakichelewa.

Majibu yameanza kuja. Bei tumeipata, kwa maandishi. Vijiji viwili vimekaa na wazee wetu mara moja, nao wanataka kila kimoja kipewe magati mawili kabla hawajaruhusu mtaro. Ni dai la haki. Kuhusu zahanati na nyumba za ibada wameandika kwamba watakaa tena baada ya mavuno. Swali la nani atasaini halijajibiwa. Michango iliyokwisha kutolewa iko benki katika akaunti ya chama, haitoki bila ya saini tatu, na mwanachama yeyote anaweza kumwomba mweka hazina amwonyeshe daftari.